Hii Si Picha, Hiki Ni Kioo

Saa saba mchana, arusini Bagamoyo, nilimpelekea shangazi kamera ndogo ya mfukoni aione picha niliyompiga muda huo huo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akarekebisha mtandio wake, kisha akanirudishia. "Hii si picha, mwanangu," alisema. "Hiki ni kioo."

Alikuwa amejiona kweli, ila aliyemwona si yule wa kwenye picha. Alimwona yule aliyesimama mbele yangu na jua la utosini.

Kauli yake imenirudia siku hizi kwa sababu ya rafiki yangu mfasiri. Alipewa kijitabu cha maelekezo ya kamera, akakwama kwenye kifungu kinachozungumzia kioo cha nyuma: kinatazamika vipi nje, ndani na usiku. Akaandika "mwonekano wa skrini katika hali mbalimbali za mwanga". Sarufi haina dosari. Lakini msomaji wa Kiswahili akikutana na maneno hayo atangoja kuambiwa kama skrini ni ya mraba, au kama ina fremu ya fedha. Mwonekano ni sura ya kitu: mwonekano wa nyumba, mwonekano wa bibi harusi. Aliyekuwa akizungumziwa na kijitabu ni mtu mwingine kabisa: mtu anayekodoa macho juani asijue kama amekata watu vichwa.

Tuanze na jina la kitu chenyewe, maana lina wagombea watatu. Skrini ni neno la mkopo lililokwisha kupata uraia. Liko kwenye simu zetu na halihitaji kutetewa. Kiwambo limependekezwa katika istilahi za kompyuta, nalo lina asili nzuri: latokana na kuwamba, yaani kuvuta ngozi juu ya ngoma mpaka ikaze, na ndilo tunalotumia kwa kiwambo cha sikio. La tatu ni kioo, neno la mafundi. Nenda Kariakoo na simu iliyopasuka, hutaulizwa habari za kiwambo. Utaulizwa: imekufa kioo au tachi? Tachi ni ile sehemu inayopokea kidole. Kioo ni ile inayotoa picha. Ni mgawanyo makini kuliko tunaoukuta katika vitabu vingi.

Anayependa usahihi atalipinga neno kioo kwa sababu limebeba mizigo mingi. Dirisha ni kioo, cha kujitazamia ni kioo, cha kamera nacho ni kioo. Mimi naona kwa jambo hili mzigo huo ni faida. Juani, kitu kilichotengenezwa ili kionyeshe picha hurudia kazi ya jina lake la zamani: humwonyesha mtu sura yake. Shangazi hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa akieleza fizikia.

Fizikia hiyo ni hii. Kioo cha kamera kina mwanga wake. Katika aina iliyozoeleka, taa hukaa nyuma, na mbele yake kuna fuwele za kimiminika zinazofungua na kufunga njia kwa kila nukta. Nyeupe ni mahali njia ilipofunguliwa. Nyeusi ni mahali ilipofungwa. Wakati huo huo kuna mwanga wa mgeni, wa jua au wa balbu, unaougonga uso wa kioo ukitokea mbele. Sehemu yake hupenya ndani, sehemu hurudi machoni petu. Mwanga huo unaorudi hauchagui pa kuangukia: humwagika juu ya nyeupe na juu ya nyeusi sawasawa. Nyeupe haiumii sana, maana ilikuwa nyeupe tangu mwanzo. Inayokufa kwanza ni nyeusi, na nyeusi ikifa picha nayo imekwisha, kwa kuwa picha ni tofauti iliyopo kati ya hizo mbili.

Tupige hesabu. Mwanga unaotoka kwenye kioo hupimwa kwa kandela kwa mita ya mraba, kipimo ambacho mafundi hukifupisha kuwa niti. Mwanga unaokiangukia hupimwa kwa luksi. Tuseme tuna kioo cha niti 300, ambacho nyeupe yake inaizidi nyeusi mara 1,000 kikiwa gizani. Tuseme pia kwamba uso wake, pamoja na vumbi na alama za vidole, unatawanya asilimia 4 ya mwanga unaouangukia.

Jua kali la mchana hufika luksi 100,000. Asilimia 4 ya hizo, ikigawanywa kwa pai, ni kama niti 1,270. Basi nyeusi yetu, iliyokuwa karibu na sifuri, sasa inang'aa kwa niti 1,270, na nyeupe kwa 1,570. Nyeupe inaizidi nyeusi kwa mara 1.2 tu. Kwa jicho, hilo ni bati jipya lenye ukungu.

Ingia kivulini, chini ya mwembe, penye luksi 10,000 hivi. Mwanga unaorudi unashuka hadi niti 127, na uwiano unapanda kuwa mara 3.4. Watu wanaanza kutambulikana. Ingia ofisini, penye luksi 500: uwiano unapita mara 45. Kaa sebuleni jioni, penye luksi 50: unapita mara 300. Kamera ni ile ile, betri ni ile ile, wala hakuna kitufe kilichobonyezwa. Kilichobadilika ni mahali mtu aliposimama.

Hapo ndipo neno mwonekano linaposhindwa kabisa. Linaifanya hali hii kuwa sifa ya kitu, kama rangi au uzito, ilhali ni habari ya kitu na mahali kwa pamoja. Kijitabu kikisema kioo kina niti 300 kimetaja nusu ya habari. Nusu nyingine iko angani.

Je, tuseme uonekanaji? Nililijaribu, nikaliacha. Kioo juani kinaonekana, tena kinaonekana mno; kinamulika kama sinia la shaba, hata mtu aliye mbali anageuza uso. Kilichomo ndani yake ndicho kisichoonekana. Uoni nalo halifai, maana hilo ni la jicho: tunasema uoni hafifu kwa mgonjwa, na kamera haina makosa ya kupelekwa kwa daktari wa macho.

Wapiga picha wenyewe wanasemaje? Wanasema: "Kioo hakisomeki juani." Sentensi ya maneno matatu, na kila kinachohitajika kimo. Someka ni kauli ya kutendeka, ile inayosema kwamba jambo linawezekana bila kumtaja anayelitenda: barabara hupitika, mlango hufungika, mwandiko husomeka. Kauli hii ina tabia ya kuuliza hali. Barabara hupitika lini? Kiangazi. Mwandiko husomeka na nani? Aliyeuzoea. Kioo husomeka wapi? Na hapo kiambishi -ni kinajibu: juani, kivulini, sebuleni, gizani. Sarufi imeshatenga nafasi ya mahali kabla fizikia haijaidai.

Kwa hiyo jina ninalolipendekeza ni usomekaji wa kioo, likifuatwa na mahali: usomekaji wa kioo juani, usomekaji wa kioo gizani. Wanaosoma istilahi vyuoni hupima maneno mapya kwa kuuliza kama ni mafupi, kama yanapambanua, kama yanazaa mengine. Hili linazaa: kusomeka, hakisomeki, kisomekacho, usomekaji hafifu. Wala halikuzaliwa juzi. Limetumika kwa maandishi, na sasa linahamia jirani.

Kuna pingamizi mbili. Ya kwanza: picha husomwa? Kiswahili hakijawahi kukifungia kitenzi hiki ndani ya herufi. Tunasoma mita ya umeme, tunasoma ramani, tunasoma nyuso za wageni kabla hawajasema shida yao. Mpiga picha naye husoma kioo: fremu imekaa sawa, mtu amefumba macho, ukungu umeingia. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: mafundi husema pia "kadi haisomeki", wakimaanisha kamera imeshindwa kupata kilichohifadhiwa kwenye memori kadi. Ndiyo maana silipendekezi neno likiwa peke yake. Usomekaji wa kadi ni wa mashine. Usomekaji wa kioo ni wa jicho. Nomino inayofuata inamaliza ugomvi.

Istilahi hii imekuja kuhitajika kwa sababu ya historia fupi. Kamera za filamu zilikuwa na kitundu cha kuchungulia. Ukiweka jicho pale, jua lifanye litakalo. Casio QV-10, iliyoingia sokoni mwaka 1995, ndiyo iliyoizoesha hadhira ya kawaida kamera ya dijitali yenye kioo cha inchi 1.8 mgongoni. Miaka iliyofuata vioo vilikua hadi inchi 3, na kamera nyingi za mfukoni zikakiondoa kile kitundu ili kioo kipate nafasi. Mpiga picha akabaki na njia moja ya kutazama, nayo ndiyo inayozimwa na jua.

Watengenezaji walihangaika. Sony, katika kamera ya RX100 ya mwaka 2012, waliongeza nukta nyeupe kando ya nyekundu, kijani na buluu ili kioo kiwake zaidi, wakaweka na chaguo maalumu la hali ya jua. Toleo la tatu, la mwaka 2014, likarudisha kitundu, safari hii cha kielektroniki kinachoibuka juu ya kamera. Wengine walifuata njia ya kupunguza mwanga unaorudi: kupaka uso wa kioo utando wa kuzuia mwakisiko, au kuondoa pengo la hewa kati ya tabaka zake.

Njia hizo mbili, kuwasha zaidi na kurudisha kidogo, hazilingani kwa gharama. Rudi kwenye kioo chetu. Ukiongeza niti kutoka 300 hadi 600, uwiano juani unafika mara 1.5 hivi, na betri inalia. Ukiacha niti 300 ukapunguza mwanga unaorudi kutoka asilimia 4 hadi 2, unafika pale pale, na betri haina habari. Hata hivyo zote mbili zinapitwa na kiganja cha mkono. Mtu akikitilia kioo kivuli hadi luksi 10,000, ameshafika mara 3.4 bila kununua kitu. Wapiga picha wa zamani waliotumia kamera kubwa za miguu mitatu walilijua hili: walijifunika kitambaa cheusi ili waione sura iliyoangukia kwenye kioo chenye ukungu nyuma ya kamera. Nao pia walikiita kioo.

Gizani mambo hugeuka. Kioo husomeka mno. Mboni zimepanuka, jicho limezoea usiku, na picha yenye giza hung'aa kama ya mchana. Unaondoka umeridhika; asubuhi, kwenye kompyuta, unakuta watu weusi tii mbele ya ukuta mweusi. Kabla ya kubonyeza nako kuna udanganyifu wake: kamera hujikaza kuongeza nuru hafifu iliyopo, na kioo kinajaa chengachenga ambazo huenda zisiwemo katika picha yenyewe. Kwa hiyo mfasiri asichanganye mambo mawili. Kusomeka ni swali la juani. Gizani swali ni kuaminika, na dawa yake ni kupunguza mwanga wa kioo au kutazama histogramu, ule mchoro unaohesabu nukta za giza na za nuru bila kujali jicho limeshiba au lina njaa.

Mtu akivaa miwani ya jua ya kukata mng'ao ana shida nyingine: mwanga utokao kwenye kioo cha fuwele umeshachujwa upande mmoja, na miwani nayo huchuja upande wake. Akiisimamisha kamera wima, kioo chaweza kuzimika chote. Kwa mtu huyo hakuna istilahi inayohitajika. Avue miwani.

Rafiki yangu amenitaka nimwandikie fasili ya kuingiza mwishoni mwa kijitabu. Nimempa hii:

Usomekaji wa kioo: kadiri jicho linavyoweza kutofautisha nuru na giza la picha iliyo kwenye kioo cha kamera, mahali fulani penye mwanga fulani. Mfano: Usomekaji wa kioo hiki ni mzuri kivulini, lakini juani hafifu.

Mfano wa pili nimeuweka mwenyewe, bila ruhusa ya shangazi. Siku ile Bagamoyo, baada ya kunirudishia kamera, shangazi alifikiri kidogo, akaichukua tena, akavuta kanga yake ikatufunika sote wawili vichwa. Humo ndani palikuwa na joto na harufu ya udi. Akatazama kwa muda. "Ala," akasema, "sasa kinasomeka. Lakini mbona umenipiga nimefumba macho?"