Mibuyu ya Baines: mchoro wa 1862 ulio shahidi wa miti

Mibuyu ya Baines ni kundi la mibuyu mikubwa iliyo kando ya uwanda wa chumvi wa Kudiakam, ndani ya hifadhi ya Nxai Pan nchini Botswana. Jina hilo latokana na Thomas Baines, mchoraji Mwingereza aliyeichora miti hiyo kwa rangi mwezi Mei 1862. Ukiuweka mchoro wake kando ya picha iliyopigwa miaka hii, utaitambua miti ile ile, ingawa zaidi ya miaka 160 imepita.

Mchoraji mwenyewe

Baines alizaliwa King's Lynn, Uingereza, mwaka 1820, akaingia Afrika Kusini 1842. Mwaka 1858 alijiunga na msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi akiwa mchoraji na mtunza ghala. Mwaka uliofuata Livingstone alimfukuza akimtuhumu wizi, tuhuma ambayo Baines aliikana maisha yake yote. Alifariki Durban mwaka 1875.

Safari iliyomfikisha kwenye mibuyu aliifanya na mfanyabiashara James Chapman. Walianzia Walvis Bay, pwani ya Namibia ya leo, mwaka 1861, wakaelekea maporomoko ya Victoria. Chapman alibeba kamera, lakini picha alizojaribu kupiga pale maporomoko hazikufaulu. Kilichobaki ni michoro ya Baines.

Kwenye shajara yake Baines aliihesabu mibuyu hiyo: mitano iliyokomaa na miwili mitatu iliyo michanga. Aliandika pia kwamba mmoja ulikuwa umeanguka na kulala chini, lakini bado ulikuwa ukitoa matawi na majani kama wenzake.

Kwa nini mchoro huu una thamani

Si kila mti wa kwenye mchoro ni ushahidi. Claude Lorrain, mchoraji mashuhuri wa karne ya 17, aliitumia miti kama mapazia: mmoja mkubwa upande huu, mwingine ule, na nuru katikati. Mandhari zake nyingi ni za kubuni, kwa hivyo hata uende wapi hutaupata mti wenyewe.

John Constable wa Uingereza alikuwa karibu zaidi na miti aliyoichora. Alipenda miti mirefu iitwayo elm, na mnamo 1821 alichora shina moja tu la mti huo, magamba yake na nyufa zake, kana kwamba anachora uso wa mtu. Baadaye ugonjwa wa ukungu unaoenezwa na mbawakawa uliua mamilioni ya miti hiyo, hasa kuanzia mwisho wa miaka ya 1960. Leo Mwingereza akitaka kuona jinsi miti hiyo ilivyotawala mashamba ya babu zake, huitazama michoro.

Mchoro wa Baines una mambo matatu yanayoufanya ushahidi: mchoraji alikuwepo mahali penyewe, tarehe yajulikana, na mahali pajulikana. Kwa mbuyu, ushahidi wa namna hii una uzito wa pekee. Mti huu huwa na uwazi ndani na pete zake haziaminiki kama za miti mingine, kwa hivyo umri wake haukisiwi kwa kuutazama tu. Wataalamu hulazimika kupima kaboni kwenye maabara.

Mibuyu mikongwe yaanguka

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe zaidi iliyopimwa Afrika, 9 ilikuwa imekufa, au sehemu zake kongwe zilikuwa zimeanguka, katika muda wa miaka kama kumi na miwili. Watafiti walishuku mabadiliko ya tabianchi, ila walisema uchunguzi zaidi wahitajika. Mmoja katika mibuyu hiyo ni ule unaoitwa kwa jina la Chapman, yule yule msafiri mwenzake Baines, huko huko Botswana. Ulianguka Januari 2016. Mti wa Chapman umelala. Ya Baines ingali imesimama.

Na mibuyu yetu je?

Huku Pwani mbuyu si mgeni. Twala mabuyu tangu utotoni, kamba za magome yake zimefunga mizigo ya wazee wetu, na iko mibuyu ambayo watu bado huipitia kwa heshima. Pale Mama Ngina, Mombasa, wanaongojea feri hupumzika karibu na mibuyu iliyowatangulia wote.

Lakini mwaka 2022 mibuyu kadhaa iling'olewa Kilifi ili isafirishwe hadi Georgia, na mwezi Novemba Rais William Ruto akaagiza jambo hilo lichunguzwe. Wengi walishtuka kuona mti wa ukubwa ule waweza kung'olewa na kupakiwa. Shimo likishafukiwa, nani atathibitisha kwamba hapo palikuwa na mbuyu, na ulikuwa mkubwa kiasi gani?

Si lazima tumngoje mchoraji. Mambo matatu ya Baines kila mtu mwenye simu anayo mkononi: simama mbele ya mbuyu wa mtaani kwenu, upige picha nzima ukiwa na mtu kando yake ili ukubwa uonekane, kisha uandike tarehe na jina la mahali. Waulize wazee mti huo waitwaje na ni nani aliyezikwa au kuapishwa chini yake, uandike na hayo. Wajukuu wetu wakija kuulizia mbuyu huo, wawe na cha kulinganisha.