Ampea 63 kwa Kila Waya: Historia ya Joto katika Umeme wa Njia Tatu

Breka ya njia tatu iliyoandikwa 63 huzua ubishi kila mashine mpya inapofungwa. Mmoja atasema ampea hizo zinagawanywa, kila waya upate 21. Mwingine atazidisha kwa tatu apate 189. Wote wamekosea. Hiyo 63 ni kikomo cha kila waya peke yake, kwa sababu tangu mwanzo nambari za namna hii zilitungwa kuchunga joto, na kila waya hubeba joto lake.

Mwaka 1841 Mwingereza James Joule alionyesha kwamba joto la waya hupanda kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Umeme ulipoanza kuingia majumbani, hesabu hiyo ikawa suala la moto. Mwaka 1882 wahandisi wa telegrafu mjini London walitoa kanuni za kuzuia moto unaosababishwa na taa za umeme. Mwaka huohuo Thomas Edison aliwasha mitambo ya Pearl Street, New York, kwa volti 110 tu. Volti chache hudai mkondo mwingi, na mkondo mwingi hudai shaba nene. Wateja wake ilibidi wawe jirani na mitambo.

Galileo Ferraris mjini Turin na Nikola Tesla huko Marekani, kila mmoja kivyake, waligundua kuwa mikondo inayopishana kwa wakati inaweza kuzungusha mota. Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, Mrusi aliyekuwa katika kampuni ya AEG mjini Berlin, akachagua mikondo mitatu. Uamuzi wake naustahi kuliko mwingine wowote katika historia hii. Mzigo ukiwa sawa kwenye njia zote, mikondo mitatu hufutana, na waya wa kurudishia hauna cha kubeba.

Uthibitisho ulikuja Agosti 1891, Ujerumani. Jenereta iliyosukumwa na maji ya mto Neckar kule Lauffen ilipeleka umeme hadi maonyesho ya Frankfurt, umbali wa kilomita 175. Pale kwenye jenereta volti zilikuwa hamsini na kitu, na kila njia ilitengenezwa kubeba karibu ampea 1,400. Transfoma ikazipandisha hadi takriban volti 15,000, na mkondo wa kila waya ukashuka chini ya ampea 10. Waya wenye unene wa milimita 4 ukatosha, na karibu robo tatu ya nguvu ikafika.

Kulinda waya kulichukua muda zaidi. Fyuzi ilifanya kazi kwa kuyeyuka. Mwaka 1924, mjini Mannheim, kampuni ya Hugo Stotz ilipata hataza ya breka ndogo inayojikata yenyewe na kurudishwa kwa kidole. Mwaka 1957 Wamarekani Neher na McGrath wakaonyesha namna ya kukokotoa joto la kebo iliyofukiwa, wakihesabu udongo na kebo jirani.

Kwa hiyo ampea za kebo hutegemea mahali ilipolazwa. Majedwali ya kimataifa huchukulia hewa ya nyuzi 30. Chini ya mabati ya Dar es Salaam hewa hufika 40 kwa urahisi, na hapo kebo ya PVC hubakiwa na asilimia 87 ya uwezo wake. Fundi asiyepunguza anaipika kebo polepole.

Kwa volti 400 za Tanzania, 63 huzidishwa kwa 400, kisha kwa 1.73: takriban kilowati 44, mradi mzigo uwe wa aina ya hita na ugawanywe sawa. Mashine za kuchomelea zikirundikwa kwenye njia moja, njia hiyo huvuka 63 huku mbili zikiwa karibu tupu, na breka itakata zote.

Waya wa nyutro, yaani ule wa kurudishia, nao umebadilika. Zamani uliruhusiwa kuwa mwembamba, kwa kuwa mikondo ilifutana. Kompyuta na taa za LED huvuta umeme kwa vipande vipande, na sehemu ya mkondo huo haifutani bali hujumlishana kwenye nyutro. Katika jengo la ofisi nyutro inaweza kubeba mkondo mwingi kuliko njia yoyote, na sasa wahandisi huihesabu kama waya wa nne unaotoa joto.