Bibi anasikia, ila haelewi

Wadau, nimepotea hapa kijiweni wiki nzima. Nilikuwa Morogoro, na safari hii si kwa kazi ya gazeti. Nilipanda Kinole, kule juu Uluguru, kumwona bibi mzaa mama. Mtandao kule ni wa kubahatisha, kwa hiyo msinilaumu.

Bibi alinipokea kama kawaida yake: "Karibu mume wangu, umekonda!" Nikamwambia mjini hakuna muhogo kama wake. Akanijibu kwamba Mungu atamjalia, atapona. Nani anaumwa? Sikuuliza, nilicheka tu.

Kicheko kiliisha niliposimuliwa habari ya shamba. Kwetu Waluguru ukoo unafuata mama, na ardhi pia, kwa hiyo shamba la migomba haliguswi bila bibi kukubali. Mwaka jana walikaa kikao. Mjomba mmoja akasema, "Tutapima shamba." Bibi akasikia "tutalima shamba", akaitikia kwa kichwa. Alikuja kujua siku wapimaji walipofika na vigingi. "Nawasikia wote," aliniambia, "ila sielewi wanasema nini."

Nilirudi Dar na sentensi hiyo kichwani, nikaanza kusoma. Kumbe uzee huanza kuiba sauti nyembamba: s, f, t, ch. Zile nene, a na u, hubaki. Ndiyo maana kupiga kelele hakusaidii, ingawa nami nimempigia bibi kelele miaka mingi (Mungu anisamehe). Kuna mwaka alinunuliwa kifaa kidogo cha kukuza sauti. Kikakuza na mvua ya kwenye bati. Akakiweka kabatini.

Wazo la kuiruka ile sehemu iliyochakaa na kuuchokoza mshipa wa fahamu wenyewe kwa umeme ni la zamani kuliko nilivyodhani. Mtaliano Alessandro Volta, yule aliyetengeneza betri, alijitia vyuma masikioni, akaunganisha na betri yake. Mwaka 1800 akaandika kwamba alipigwa shoti kichwani, kisha akasikia kitu kama uji mzito unaochemka. Hakupenda kurudia, na mimi simlaumu.

Ikapita zaidi ya miaka 150. Mwaka 1957 mjini Paris, André Djourno na Charles Eyriès walimwekea kiziwi mmoja waya kwenye neva ya kusikia. Alisikia milio kama ya nyenje, na baada ya mazoezi akaweza kutofautisha maneno machache tu. Mwaka 1961 William House alijaribu Los Angeles. Wakubwa wengi wa fani walimpinga, wakidai neva haiwezi kudanganywa na waya. Mwaka 1978 Graeme Clark, Mwaustralia ambaye baba yake mwenyewe hakuwa akisikia vizuri, akapandikiza kifaa chenye waya nyingi, kila waya na sauti yake. Hapo ndipo maneno yalipoanza kueleweka. Marekani iliruhusu kifaa cha House kitumike kwa watu wazima mwaka 1984, na watoto wakafuata mwaka 1990.

Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume. Miaka mingi serikali iliwapeleka watoto India. Juni 2017 Muhimbili ikaanza kupandikiza yenyewe, kwa watoto watano wa kwanza, kwa gharama isiyofika nusu ya ile ya India. Kuanza na watoto kuna mantiki: mtoto asiposikia mapema, lugha inampita. Lakini bibi yangu hayumo kwenye foleni hiyo, na kwa kweli sijui ni mzee gani wa Kinole angeuza nini apate mamilioni hayo.

Kuna njia nyingine iliyonivutia zaidi, kwa sababu haihitaji kisu. Umewahi kusafisha sikio kwa unyoya wa kuku ukajikuta unakohoa? Mjerumani Friedrich Arnold alilieleza jambo hilo mwaka 1832. Tawi dogo la neva iitwayo vagasi, inayoteremka hadi moyoni na tumboni, linafika kwenye ngozi ya sikio. Ukiichokoza neva hiyo, ubongo unakuwa kama umeamshwa: makini, hapa kuna la kujifunza. Mwaka 2020 watafiti wa Pittsburgh na San Francisco walipitisha umeme mdogo mno kwenye ngozi ya masikio ya Wamarekani waliokuwa wakijifunza kutofautisha toni za Kichina. Walishika haraka kuliko wenzao. Swali lililofuata ni la wazi: je, mzee ambaye masikio yanamletea maneno nusunusu, ubongo wake unaweza kusaidiwa kuyaunga? Hilo bado ni la maabara, halijawa tiba. Akija mtu kukuuzia mashine ya namna hiyo Kariakoo, mkimbie.

Jioni ya mwisho nilizima redio iliyokuwa ikipiga Mbaraka Mwinshehe, nikakaa mbele ya bibi penye mwanga, nikasema taratibu bila kupaza sauti. Tuliongea saa nzima. Alinionyesha kwa kidole vigingi vilipopita.

Kikao kingine ni mwezi ujao. Nimeomba ruhusa kazini nikakae ubavuni kwake, nimrudie kila neno. Mhariri bado hajajibu.