Piano Hairekebishwi, Hulinganishwa

Mpigaji piano akiwa kazini husema "kutuni", na wenzake humwelewa. Kalamu inaposhikwa ndipo watu hutafuta neno jingine. Huyu huandika kurekebisha, yule kutengeneza, wa tatu kukaza nyuzi. Maneno yote matatu humpotosha mwenye piano, maana humfanya asubiri chombo kiharibike ndipo amwite fundi. Mimi nachagua kulinganisha, na sababu zimo ndani ya chombo chenyewe.

Piano ya kawaida ina vibao 88 vya kubonyeza, lakini nyuzi zake hukaribia 230, kwa kuwa sauti nyingi zina nyuzi tatu tatu zinazogongwa na nyundo moja. Mpigaji kanuni wa taarabu halioni hilo kuwa geni, kwani chombo chake nacho kina nyuzi tatu kwa sauti nyingi, na ufunguo wake wa kuzungushia vigingi hauko mbali. Katika piano kila uzi umevutwa kwa nguvu ya makumi ya kilo, na mzigo wa nyuzi zote hufika tani 15 hadi 20. Fremu ya chuma ndiyo inayoubeba. Mlio wenyewe, hata hivyo, hukuzwa na ubao mpana na mwembamba uliolala nyuma ya nyuzi, na ubao huo ni mti, na mti hunywa unyevu.

Masika ikiingia, ubao huvimba na kubinuka kidogo. Ukibinuka husukuma daraja la mbao ambalo nyuzi zimelala juu yake, nyuzi hukazika, sauti hupanda. Kiangazi kikikolea ubao husinyaa na sauti hushuka. Laiti zingepanda na kushuka zote kwa kipimo kimoja, mpigaji aliye peke yake asingejua. Lakini sauti za katikati huhama zaidi kuliko za kandoni, na chombo huanza kujipinga chenyewe. Hakuna kilichovunjika wala kulegea, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha. Kukaza nako si sahihi, kwa sababu baada ya mvua nyingi huenda fundi akatumia muda mrefu akilegeza.

Kulinganisha ni kuweka kitu kando ya kingine, kuvipima, na kuvifanya viwe sawa. Hiyo ndiyo kazi ya fundi hasa. Hupachika vipande vya mpira au kitambaa kizito kati ya nyuzi ili uzi mmoja tu ulie, kisha huufungulia jirani yake. Mmoja ukitetema mara 440 kwa sekunde na mwingine 442, mlio huvimba na kunywea mara mbili kila sekunde. Fundi husikiliza mawimbi hayo, si utamu wa sauti, na huzungusha kigingi kidogo kidogo mpaka yapotee. Hiyo 440 ni ya la iliyo katikati ya piano, kiwango kilichokubaliwa katika mkutano wa London mwaka 1939, ingawa kuna okestra zinazopenda kupanda juu yake kidogo.

Kuna sehemu moja ya kazi ambayo hata kulinganisha hakuielezi vizuri. Waimbaji wa kwaya waliojifunza kwa do-re-mi wanajua jinsi do na so zinavyotulia zikiimbwa pamoja. Ukipanda kwa hatua hiyo mara 12, kila so ikiwa do mpya, ungetarajia kufika kwenye do ya mwanzo, oktava saba juu. Hufiki. Unaipita kwa karibu robo ya nusu toni. Ziada hiyo haina pa kufichwa, basi fundi huigawa: kila so hushushwa chembe ambayo sikio la kawaida haliisikii, na mi hubaki juu kidogo kuliko ile ambayo kwaya nzuri ingeiimba bila chombo. Kila sauti imepoteza kidogo ili piano ipigwe katika funguo zote za muziki. Hatua hii ningeiita kupatanisha, na ningependa kamusi za muziki ziitenge na ile ya nyuzi tatu.

Neno kurekebisha nalo lina mahali pake. Lihifadhiwe kwa mitambo ya vibao na nyundo, pale kibao kinapokwama au kinapokuwa kizito. Na nyundo zikishindiliwa kwa miaka mingi hadi mlio ukawa mkali, fundi huchoma manyoya yake kwa sindano. Huko ni kulainisha sauti. Ukimwambia fundi "njoo urekebishe piano", hajui abebe vifaa gani.

Sasa, lini? Watengenezaji wengi hushauri angalau mara mbili kwa mwaka, na piano mpya mara nne katika mwaka wake wa kwanza, maana nyuzi mpya bado zinanyooka. Pwani nisingemwita fundi katikati ya masika. Ningengoja wiki kadhaa baada ya mvua kukatika, ubao utulie, kisha nimwite tena baada ya vuli. Ukumbi unaowashiwa kiyoyozi siku za ibada au tamasha tu una majira yake ya ndani, na piano iliyomo huhama upesi kuliko iliyo kwenye nyumba ya madirisha wazi. Ikihamishwa nyumba, ipewe wiki mbili tatu kwanza.

Piano isiyopigwa nayo hushuka, maana unyevu haujali kama kuna mtu kwenye kiti. Ikiachwa miaka ikashuka nusu toni nzima, itasikika vizuri tu hadi siku ipigwe pamoja na kinanda cha umeme, ambacho hakihami. Hapo fundi hawezi kuipandisha kwa safari moja. Kila uzi anaoukaza huongeza mzigo kwenye ubao na kuzilegeza zile alizokwisha kumaliza, hivyo hupita mara mbili au zaidi, na nyuzi zilizoota kutu zinaweza kukatika mkononi mwake. Mkubaliane mapema nani atalipia nyuzi hizo.