Milima Iliyozaa Ndege

Wasomaji wetu wajua ya kuwa kila ndege huzaa mfano wake. Kwale hutotoa kwale, na njiwa hutotoa njiwa. Basi aina mpya ya ndege yatoka wapi? Na imekuwaje mlima huu una ndege asiyeonekana katika mlima ule, hali milima yenyewe yatazamana? Twataka kueleza jambo hili kwa mfano wa milima yetu wenyewe, maana nchi za joto ndizo zenye aina nyingi za ndege kuliko nchi nyingine zote.

Tuanze na jambo ambalo masikio yetu yamelizoea. Mtu wa Unguja husema "kucheza," na mtu wa Mvita husema "kuteza." Hapana baraza lililokutana likaamuru hivyo. Watu walikaa mbalimbali, mtoto akafuata usemi wa mama yake, na haba na haba ikajaza kibaba. Walakini watu wa Unguja na Mvita hawakuacha kutembeleana kwa majahazi, kwa hiyo hata leo waelewana. Wangazija walitengwa zaidi na bahari. Na lugha yao, ijapokuwa ni ndugu ya Kiswahili, Mswahili sharti ajifunze kwanza ndipo aielewe. Mambo ya ndege yafanana na hayo.

Toka Taita katika nchi ya Kenya, kupita Pare, Usambara, Nguru, Uluguru na Rubeho, hata Udzungwa katika Tanzania, iko safu ya milima ya kale iliyopindika kama upinde. Mamilioni ya miaka iliyopita mvua ilikuwa nyingi, na msitu ulienea toka Kongo hata karibu na pwani. Kisha nyakati za ukavu zikaja, msitu wa nchi ya chini ukafa, na nyika ikashika mahali pake. Lakini juu ya milima hii msitu ulibaki, kwa sababu upepo wa Bahari ya Hindi huleta mvua na ukungu hata wakati nchi ya chini imekauka. Hivyo kila mlima ukawa kama kisiwa, na nyika ikawa bahari yake.

Huenda msomaji akauliza, Je, ndege hana mabawa? Naam, anayo. Lakini ndege wengi wa msituni, hasa wale wakaao chini ya miti katika giza na unyevu, huogopa jua la nyika, kwa kuwa huko hawapati chakula chao wala maficho. Tena ndege wengi wa Ulaya sharti wahame kila mwaka kwa ajili ya baridi, bali ndege wengi wa misitu ya nchi za joto hawana haja ya kusafiri mbali. Huzaliwa, huzaa na kufa katika mlima mmoja.

Basi vifaranga vya kiota kimoja havilingani sawasawa. Huyu ana mdomo mrefu kidogo, yule sauti yake ni nyembamba. Mahali ambapo wadudu hujificha ndani ya magome, mwenye mdomo mrefu hushiba, huishi, huzaa, na watoto wake humrithi. Katika mlima wa pili chakula ni kingine, na anayefanikiwa ni mwingine. Wimbo nao hugeuka, na kwa wimbo dume humwita jike. Miaka elfu nyingi ikipita, hata wakikutanishwa, jike hamtambui dume yule kuwa ni mwenzake, wala hawazai pamoja. Hapo ndipo tunaposema kwamba hizi ni aina mbili.

Mwaka 1938 Bwana Moreau, aliyefanya kazi Amani huko Usambara, alitangaza ndege mdogo wa Uluguru mwenye kichwa na kifua cha rangi ya kutu, akampa jina la mkewe, Winifred. Baadaye ndege kama huyo alionekana Rubeho pia, akadhaniwa kuwa ni yule yule. Mwaka 2009 wataalamu waliolinganisha urithi ulio katika miili yao walieleza kwamba wametengana tangu zamani, wakampa yule wa Rubeho jina lake mwenyewe.

Ajabu zaidi ni kwale wa Udzungwa. Mwaka 1991 wataalamu waliopiga kambi katika milima ile waliona ndani ya sufuria ya mchuzi miguu ya ndege wasiyemjua. Walipomtafuta na kumchunguza, waliona ya kuwa ndugu zake wa karibu hawako Afrika, bali wako katika milima ya Asia. Na mwaka 2005 kwale wa Rubeho, anayefanana naye, alitangazwa kuwa ni aina ya peke yake.

Sasa liko neno lenye sura ya hekima. Mtu aweza kusema, "Ikiwa kutengwa ndiko kunakozaa aina mpya, basi tukikata msitu vipande vipande twaharibu nini? Si ndege watazidi?" Neno hili si kweli. Kutengwa kwa kale kulikwenda polepole, na misitu iliyobaki ilikuwa mikubwa, yenye ndege wa kutosha kuoana na kuendeleza ukoo. Panga na moto havingoji miaka elfu. Na ndege wachache walionaswa katika kipande kidogo hufa kabla hawajageuka.

Tazameni Taita. Milima ile ina ndege wasiopatikana po pote pengine duniani, mmoja wao mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, apekuaye majani yaliyoanguka. Lakini msitu wa Ngangao leo haufikii hekta 200, na wa Chawia haufikii hata hekta 100. Katika habari iliyotolewa mwaka 1999, wataalamu waliopima ndege wa aina 7 katika misitu ile walieleza kwamba, pale palipoharibiwa zaidi, mguu wa kulia na wa kushoto wa ndege mmoja ulizidi kutofautiana kwa urefu. Tofauti yenyewe ni ndogo, jicho haliioni bila kipimo. Lakini ni dalili ya kuwa ndege alikua kwa taabu.

Kwa hiyo kuni na mbao tuzitafute katika miti tuliyoipanda wenyewe, na msitu wa kilele tuuache. Tena palipo na nafasi kati ya kipande na kipande, tupande miti ya asili ya mahali pale, ndege wapate njia ya kupita. Mti tukiupanda leo, wajukuu wetu watakaa kivulini mwake. Bali ndege wa Taita akiisha kutoweka, hapana mlima mwingine wa kumwendea kumtafuta.