Kamina, Kambi Iliyozaliwa na Hofu ya Ulaya

Jimbo la Haut-Lomami, ambalo makao yake makuu ni Kamina, linaizidi Ubelgiji kwa ukubwa zaidi ya mara 3. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini baada ya Vita Kuu ya Pili wakuu wa jeshi kule Brussels waliikazia macho savana ya Katanga, iliko Kamina.

Mwaka 1940 Wajerumani waliishinda Ubelgiji kwa siku 18 tu. Vita vilipokwisha, hofu ikahamia kwa Wasovieti: wakivamia, jeshi litakimbilia wapi? Jibu likawa Kongo, koloni la Ubelgiji. Zikajengwa kambi mbili kubwa, Kitona karibu na bahari ya Atlantiki na Kamina ndani kabisa ya bara. Wakongo, ambao wakati huo hawakuwa na haki ya kupiga kura, hawakuulizwa.

Kamina ilikuwa na sifa zake. Iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kiangazi chake ni kirefu, na tangu 1928 reli ya kutoka Lubumbashi hadi Ilebo ilikuwa ikipita hapo. Katika miaka ya 1950 marubani wa Kibelgiji walijifunza kurusha ndege za Harvard katika anga hiyo, na makomando wakafanya mazoezi ya kuruka kwa miamvuli.

Thamani ya uwanja mpana wa mazoezi kama huo anaijua vizuri mkufunzi wa mizinga. Jeshi lisilo na ardhi wala fedha za makombora hutengeneza uwanja uliopunguzwa, mara nyingi mara 10. Wamarekani walikuwa na kifaa cha M31 kwa kazi hiyo, chenye risasi ndogo ya milimita 14.5 inayotoa moshi inapoanguka. Siri yake ni kwamba pembe haipungui: mita 100 zinazotazamwa kutoka kilomita 1 na mita 10 zinazotazamwa kutoka mita 100 huonekana sawa katika darubini. Kwa hiyo mwangalizi anasahihisha shabaha kwa hesabu zilezile za vitani. Lakini upimaji lazima uwe makini kupita kiasi. Mahali pa mzinga, pa mwangalizi na pa kila shabaha hupimwa kwa uangalifu, kwa sababu kosa la mita 1 hapo ni sawa na mita 10 kwenye uwanja halisi. Ni kazi ya mpima ardhi kabla haijawa ya askari.

Vita vya Ulaya havikufika Kamina. Vilivyofika ni vya Kongo yenyewe. Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, makomando wa Kibelgiji waliondoka hapo kwa ndege kwenda Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na Katanga ikatangaza kujitenga. Mwaka huohuo kambi ikashikwa na Umoja wa Mataifa. Mwishoni mwa 1962 ndege za kivita za Uswidi, zilizokuwa chini ya Umoja huo, ziliruka kutoka Kamina kuishambulia Kolwezi, mji wa Katanga. Novemba 1964 ilikuwa zamu ya Wabelgiji tena: walitua Kamina wakitokea kisiwa cha Ascension, kisha tarehe 24 wakashuka kwa miamvuli Stanleyville, Kisangani ya sasa.

Baada ya makubaliano ya amani ya 2002, Kamina ikawa kimojawapo cha vituo ambako wapiganaji wa makundi yaliyokuwa yakiuana walichanganywa katika brigedi za jeshi jipya la taifa.