Safu ya Lugha: Kudabu
Kwenye maduka ya filamu ya Thika na Ruiru utasikia kwamba filamu fulani "imedabiwa" na DJ Afro. Haijadabiwa. Kudabu, neno la Kiingereza lililokatwa kutoka lile la maradufu, ni kuondoa usemi wa awali na kutia mwingine: Maile Flanagan akimsemea Naruto, shujaa wa katuni ya Kijapani, kwa Kiingereza, Junko Takeuchi anayemsemea kwa Kijapani hasikiki tena. DJ Afro huacha sauti za filamu zivume chini, naye peke yake akawa jambazi, askari na mchekeshaji. Huko ni kusimulia. Watanzania, tangu enzi za Lufufu, mtafsiri wao wa filamu, husema kutafsiri, japo vichekesho vingi havimo kabisa kwenye filamu! Maandishi ya chini ya kioo, hayo ni manukuu. Kwa hiyo ukitiliwa Naruto kwenye flashi, uliza: ya dabu au ya manukuu?